Nuru na Bambo

Katika mwezi wa Juni mwaka 2016, hospitali na zahanati za Chemba na Kondoa katika Mkoa wa Dodoma, na za Kiteto ng'ambo ya mpaka wa Mkoa wa Manyara, zilianza kupokea wagonjwa waliokuwa na macho ya manjano, matumbo yaliyofura na miguu iliyovimba, nao walitapika na kulalamikia maumivu ya tumbo kwa namna isiyofanana na malaria wala na maradhi mengine yaliyozoeleka katika nyanda hizi kavu. Uchunguzi ulipokamilika ilibainika kwamba watu 68 walikuwa wamedhurika na 20 miongoni mwao wamefariki dunia, na kwamba kilichowaua kilikuwa ndani ya chakula chao cha kila siku, yaani sumukuvu, sumu inayofanywa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus juu ya mahindi na karanga. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Serikali ilitangaza azma ya kuhamia Dodoma, na yamkini shangwe za habari ile kubwa ndizo zilizoifanya hii ndogo isikae sana vinywani mwa watu.

Nia ya safu hii haimo katika kuusimulia msiba ule upya. Nataka kuuliza swali ambalo msiba uliliacha wazi: maadamu sumu hii haina ladha wala harufu, na punje iliyoibeba yaweza kuwa na sura njema kuliko jirani yake, ni chombo gani kitakachoiona kwa niaba ya macho yetu, na chombo hicho kiwekwe mahali gani? Nusu ya kwanza ya swali imeshughulikiwa kwa miaka zaidi ya 60 na wataalamu wa nuru, nao wamefika mbali kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Nusu ya pili imepuuzwa, nami naona ndiyo iliyo nzito zaidi.

Historia ya sumu hii ina udugu wa ajabu na Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza, waliobanwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianza kulifyeka pori la Kongwa kwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya kivita vilivyogeuzwa, wakinuia kulima ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Ardhi ikakaza, mvua ikakhini, na mnamo Januari 1951 mpango mzima ukafutwa pamoja na pauni milioni 36 za walipa kodi wao. Miaka tisa baadaye, katika Uingereza hiyo hiyo, bata mzinga zaidi ya 100,000 wakafa kwa maradhi yasiyojulikana, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Na katika siku hizo hizo vifaranga vya bata vilikuwa vikifa huku Afrika Mashariki kwa kulishwa karanga za huku. Wakemia wa London walipoitenga sumu ile kutoka katika mashudu, wakaieneza juu ya karatasi na kuimulika kwa miale ya urujuanimno gizani, waliona madoa yanayong'aa, mengine buluu na mengine kijani, na mpaka leo aina za sumukuvu huitwa B na G kufuata majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Sumu hii, basi, ilijulikana kwa nuru yake kabla haijajulikana umbo lake.

Ni vema kueleza kung'aa huko kunatokeaje, kwa sababu karibu kila chombo kitakachotajwa hapa kimejengwa juu yake au pembeni yake. Molekuli ya sumukuvu B1, iliyofanywa kwa atomi 17 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni, hufyonza miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 hivi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Hukaa na nishati ile kwa muda mfupi mno, usiofikia hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kisha huitoa tena ikiwa imepungua nguvu, katika wimbi la nanomita 425 hivi, ambalo jicho huliona kuwa buluu. Kwa kuwa nuru iingiayo na nuru itokayo hazina rangi moja, mtu aweza kuweka kichujio kinachoizuia ya kwanza na kuipisha ya pili, na hapo giza hubaki giza, na kila chembe ya nuru itakayokifika chombo huwa ni ushahidi. Elimu ya kutambua molekuli kwa nuru imeendelea upesi hata ikafika ukomo wake wa kimaumbile: mwaka 1989 William Moerner, katika maabara za IBM huko California, alifaulu kutambua alama ya molekuli moja peke yake ndani ya fuwele iliyopoozwa kwa baridi kali, na mwaka 2014 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Eric Betzig na Stefan Hell kwa kazi iliyozifanya molekuli zionekane mojamoja ndani ya seli. Chini ya moja hapana la kuhesabiwa.

Maabara zetu hutumia msingi ule ule kwa unyenyekevu zaidi. Sampuli ya mahindi husagwa, huchanganywa na maji na methanoli, hupitishwa katika kichujio chenye kingamwili zinazoinasa sumukuvu na kuyaacha mengine yapite, kisha husukumwa kwa shinikizo ndani ya mrija mwembamba mpaka kwenye kijidirisha ambamo taa humulika na jicho la mashine hupokea ule ubuluu na kuupa tarakimu. Mradi wa kudhibiti sumukuvu uitwao TANIPAC, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za mfuko wa kimataifa wa kilimo na chakula wa GAFSP, umejenga kituo cha usimamizi wa mazao baada ya mavuno huko Mtanana, wilayani Kongwa, hatua chache tu, kwa kipimo cha ramani, kutoka mahali matrekta ya 1947 yalipokwama. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtambo mkubwa wa maabara hutaka umeme usiokatika, kemikali zinazoagizwa kwa fedha za kigeni na fundi aliyesomea kazi hiyo miaka kadhaa, na baina ya mtambo huo na chungu cha mama wa Chemba pana barabara ya vumbi, nauli, na siku za kungoja majibu ilhali watoto wanataka kula jioni.

Hapo ndipo vinapoingia vihisi vidogo vya nuru. Kihisi cha namna hiyo ambacho mwananchi wa Dodoma amekwisha kukishika mkononi, pengine bila kukitambua, ni kile kijiti cha kupimia malaria katika zahanati, au kile cha kupimia mimba kiuzwacho katika maduka ya dawa. Ule mstari mwekundu unaojitokeza juu yake aghalabu ni dhahabu: chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi, ndogo kiasi kwamba elektroni za kila chembe huyumba zote pamoja zinapopigwa na nuru, zikafyonza kijani na kuiacha nyekundu ionekane. Dhahabu ya mkufu ni ya manjano na dhahabu ya kijiti ni nyekundu, na madini ni yale yale.

Vijiti vya dhahabu vipo kwa sumukuvu pia, ila husomwa kinyume. Protini ya vimelea vya malaria ni kubwa, kwa hiyo kingamwili moja huweza kuishika upande huu na nyingine upande ule, na dhahabu ikabebwa mpaka mstarini. Lakini sumukuvu B1 ina uzito wa 312 tu katika kipimo ambacho kingamwili yenyewe ina 150,000 hivi, nayo haina nafasi ya kushikwa na wawili kwa wakati mmoja. Mafundi wamelipindua shauri: wameipanda sumu kidogo juu ya mstari wenyewe, na dhahabu iliyobeba kingamwili huja kuishika hapo; ikiwa ndani ya sampuli mna sumu nyingine, kingamwili hushughulika nayo njiani na hazifiki, na mstari hufifia. Mstari mzito ni salama, mstari uliofifia ni hatari. Mtu aliyezoea kijiti cha malaria ataukosea mpango huu mara ya kwanza, na kwa sababu hiyo sioni kwamba ni hiari kuweka kisomeo chenye taa na jicho la elektroniki badala ya kutegemea macho ya mpimaji aliyechoka; ni sharti.

Kuna vihisi vingine vya hali ya juu zaidi, ambavyo kwa uzuri wa fikra vinastahili kutajwa hata kama havijafika sokoni kwetu. Katika mwaka 1910 mwanafizikia Lord Rayleigh alieleza kwa hesabu kwa nini mnong'ono uliotolewa kandokando ya ukuta wa ndani wa kuba la kanisa la St Paul's, London, husikika upande wa pili: sauti huambaa na ukuta wa duara bila kupotea katikati. Nuru nayo hufanya vivyo hivyo ndani ya kishanga cha kioo kilicho safi. Ndani ya kishanga chenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, nuru ya leza yaweza kuzunguka maelfu na maelfu ya mara, ikatembea mita kadhaa katika chombo kisichoonekana vizuri bila hadubini. Na kwa kuwa sehemu ya nuru hiyo huchungulia nje ya kioo kwa nanomita mia mbili tatu hivi, molekuli yoyote itakayogandama juu ya kioo huguswa nayo mzunguko baada ya mzunguko, na ile rangi halisi inayokaa sawasawa na duara huhama kidogo. Kuhama huko ndiko kunakopimwa. Mwaka 2002 Frank Vollmer na Stephen Arnold, huko New York, walionyesha kwamba protini zaweza kutambuliwa kwa njia hiyo bila kupakwa rangi yoyote, na baadaye kirusi kimoja kimoja. Siku hizi duara hizo huchongwa juu ya silikoni katika viwanda vile vile vinavyotengeneza akili za simu, nyingi pamoja juu ya kipande kilicho chini ya ukucha, na kila duara hupewa kingamwili yake: hii kwa sumukuvu, hii kwa fumonisini, ambayo ni sumu nyingine ya mahindi, hii kwa kitu kingine.

Udogo wa sumukuvu huvitaabisha vihisi hivi nao, kwa kuwa kitu chenye uzito wa 312 kikigandama juu ya kioo huihamisha rangi kidogo mno hata ikapotea ndani ya mabadiliko ya joto la chumba. Na chumba cha Dodoma mwezi wa Oktoba hakina joto la maabara ya Ulaya. Dawa ni ile ile ya kijiti, kupindua shauri na kuhesabu kingamwili nzito badala ya sumu nyepesi, na kuweka duara la pili lisilo na kingamwili ili lipime joto peke yake na kutolewa katika hesabu. Mafundi wameshinda mengi. Tuwape heshima yao, kisha tuwaulize ni kitu gani watakachokitia ndani ya kihisi.

Sheria ya Afrika Mashariki huruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni katika mahindi, yaani mikrogramu 10 katika kilo. Katika gunia la kilo 100, jumla ya sumu inayoruhusiwa ni miligramu moja. Sasa, punje moja ya hindi yenye ugonjwa imewahi kupimwa ikakutwa na sumukuvu ya sehemu 400,000 kwa bilioni, na punje ya karanga ikavuka 1,000,000. Tuchukue punje ya hindi yenye uzito wa sehemu tatu za kumi za gramu: ikiwa na kiwango hicho, ndani yake mna mikrogramu 120. Punje tisa za aina hiyo zatosha kulifanya gunia zima livuke sheria, na gunia lina punje 330,000 na zaidi. Sumukuvu haikai ndani ya gunia kama chumvi ikaavyo ndani ya mchuzi, hata mtu aonje kijiko kimoja na kujua habari za chungu kizima.

Mkaguzi huja na bambo. Hulichoma gunia, hutoa mahindi, hukusanya tuseme kilo moja, ambayo kwa kazi ya sokoni ni kilo ya ukarimu, na huipeleka kupimwa. Bahati ya kilo hiyo kuzikosa punje zote tisa ni mara 91 katika 100. Chombo, hata kiwe kile cha kuona molekuli moja, kitasema gunia ni safi, nacho kitakuwa kimesema kweli juu ya kilo ile na uongo juu ya gunia. Katika mara zile chache bambo linapoipata punje moja mbaya, chombo kitasoma sehemu 120 kwa bilioni, mara 12 ya sheria, na gunia litahukumiwa kuwa sumu tupu, ilhali ukweli wake ni 11 hivi. Gunia moja, hukumu mbili, na hakuna hata moja iliyo ya haki. Kihisi kikiongezewa ukali mara elfu, kosa hili halitapungua hata kidogo, kwa maana halimo ndani ya kihisi. Limo mkononi mwa mwenye bambo.

Nimechagua hesabu ya punje zilizozidi kwa sumu ili jambo liwe bayana. Kwa kawaida uchafu huenea katika punje nyingi zaidi na kwa viwango vya chini, na mkaguzi mwangalifu huchoma magunia mengi na kuchanganya. Hata hivyo kanuni haibadiliki, na kila aliyefanya kazi hii kwa dhati anajua kwamba sehemu kubwa ya kosa la kipimo cha sumukuvu huzaliwa kabla sampuli haijafika mezani. Ajabu ni kwamba fedha nyingi za utafiti humiminwa juu ya meza.

Tufanyeje? Njia mbili zinaonekana, na nuru inahitajiwa katika zote mbili.

Ya kwanza ni kuacha kuchota na kuanza kutazama kila punje. Tangu miaka ya 1970 wanunuzi wa mahindi wa Marekani wametumia taa ya nanomita 365 gizani juu ya mahindi yaliyovunjwa, wakitafuta mng'aro wa kijani-manjano. Mng'aro huo hautoki kwa sumukuvu yenyewe. Hutoka kwa asidi ya koji ambayo kuvu yule yule huifanya na mmea huibadilisha, kwa hiyo ni dalili ya kupita kwa mwizi na wala si mwizi. Punje yaweza kung'aa bila sumu, na yaweza kuwa na sumu bila kung'aa. Lakini kwa kazi ya kuchambua, dalili inatosha kuanzia: taa za urujuanimno siku hizi ni ndogo na zinatumia betri, kamera ya simu inaona rangi hizo, na mashine zinazopitisha punje mbele ya jicho la kamera na kuitupa iliyo mbaya kwa pumzi ya hewa zimekuwa zikichambua mchele na kahawa kwa muda mrefu. Kwamba simu yaweza kufanya kazi ya hadubini huku kwetu si dhana tupu. Mwaka 2013 Isaac Bogoch na wenzake walichapisha habari za jaribio la Pemba, ambapo walibandika kilenzi cha mviringo cha milimita 3 juu ya kamera ya simu kwa utepe wa kawaida na kutazama mayai ya minyoo katika vinyesi vya watoto. Haikuona yote, hasa penye mayai machache, lakini ilionyesha njia. Na asije mtu akasema kwamba nuru ndiyo njia pekee ya kutambua molekuli, maana pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa kifua kikuu katika makohozi, na panya hataki umeme.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea, nayo ni nyepesi hata naona haya kwamba haizungumzwi zaidi: tupime unga. Punje moja yenye sumu ikisagwa hugawika kuwa maelfu ya chembe, na chembe hizo zikikorogwa ndani ya unga huenea, na hapo kijiko kidogo huanza kuwa na haki ya kusema kwa niaba ya debe. Familia ya Chemba haisagi gunia. Husaga debe, kilo 18 hivi za mahindi, punje 60,000. Katika debe, punje mbili tu za aina ile niliyoitaja zatosha kulivusha kikomo cha sheria na kulifikisha 13. Bambo lisingezipata mbili hizo kamwe, ila kwa bahati. Mashine ya kusaga huzipata kila mara, kwa kuwa husaga zote. Ipo tahadhari moja: mashine hutema unga kwa mfuatano wa punje zilivyoingia, kwa hiyo sharti unga wa debe ukorogwe barabara kabla kijiko hakijachota, la sivyo tumerudi kwenye bambo kwa jina jingine.

Mahali pa kihisi kidogo, basi, ni penye mashine ya kusaga ya kijiji. Na hapo ndipo udogo wake unapopata maana. Thamani ya kihisi cha nuru kilicho chini ya ukucha haimo katika kuona sumu kidogo zaidi kuliko mtambo wa maabara, kwa sababu sheria haitaki chini ya 10 na mtambo huona chini ya hapo siku zote. Thamani yake ni kwamba chaweza kukaa kijijini, Kwa Mtoro au Mrijo, juu ya meza yenye vumbi la unga, kikatumia umeme wa paneli ya jua, kikajibu kabla mwenye debe hajamaliza kufunga mfuko wake. Wabunifu wanaoshindana kushusha kiwango cha chini kinachotambulika kutoka moja hadi sehemu ya kumi na hadi sehemu ya mia wanashindana katika mchezo ambao wakulima hawaukodolei macho. Mashindano yenye faida ni ya kupunguza methanoli, kustahimili joto la digrii 35, kustahimili vumbi, na kushuka bei mpaka kipimo kimoja kisizidi gharama ya kusaga debe lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba biashara ndiyo itakayovuta mambo haya, na ushahidi wao ni wa Machi 2021, pale Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda tarehe 5 kwa hoja ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa shahada ya kuonyesha kwamba mzigo hauzidi sehemu 10 kwa bilioni. Kenya ilikuwa na sababu ya kuogopa: mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Katika Soko la Kibaigwa, ambako malori ya nchi jirani huja kujaza mahindi ya nyanda za kati, masharti ya namna hiyo huwafanya madalali wapende vipimo upesi kuliko hotuba zote. Lakini mahindi ya mkulima anayekula alichovuna hayapiti Kibaigwa wala mpaka wa Namanga. Kipimo cha mpakani humlinda mlaji wa ng'ambo, na mzigo uliokataliwa hurudi nyuma, ukauzwa kwa bei ya chini kwa mtu asiyeuliza. Soko likiachwa peke yake litavuta mahindi safi kwenda nje na kuyaacha mabaya nyumbani.

Tena kuna jambo zito kuliko chombo chochote. Mama aliyeambiwa na kihisi kwamba unga wake una sumu, kisha akaachwa nao, ataupika. Simlaumu: debe lile ni chakula cha siku nyingi, na njaa ya kesho inaonekana kwa macho kuliko ini litakaloharibika baada ya miaka. Akiogopa kuupika atawapa kuku au ng'ombe, na sehemu ya sumu itamrudia kwa maziwa. Kipimo kisichoandamana na badala ni taarifa ya msiba iliyotolewa mapema. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Kizota, mjini Dodoma, na halmashauri zina maofisa ugani mpaka vijijini. Haishindikani kupanga kwamba debe lililohukumiwa na kihisi libadilishwe kwa debe safi, na lile baya liteketezwe au lipelekwe kwa matumizi yasiyo ya kinywa. Gharama itakuwapo. Katika mwaka mzuri itakuwa ndogo, na katika mwaka mbaya, kama ule wa 2016, itakuwa kubwa, na ndio mwaka ambao itakuwa na faida.

Sijasahau kinga. Kukausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13 na nusu, kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kukoboa, kwa kuwa sumu nyingi hutoka na pumba, kutumia Aflasafe inayopanda shambani kuvu wasio na sumu wamfukuze mwenye sumu: yote haya ni mema na yameandikwa sana. Hata uamuzi wa kale wa Wagogo wa kutegemea mtama na uwele ulikuwa na kinga ndani yake, kwa sababu kuvu huyu huushambulia zaidi mmea uliodhoofishwa na ukame, na hindi hudhoofika mapema kuliko hao wawili. Lakini kinga hupunguza tu; haimwambii mtu kama debe la leo ni salama.

Rai yangu kwa Wizara ya Kilimo, kwa Shirika la Viwango lililopokea ulinzi wa chakula mwaka 2019, na kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma ambao wanafunzi wao wa fizikia na kemia hutafuta kila mwaka mada ya kuandikia, ni hii: chagueni mashine chache za kusaga katika Chemba, Kondoa na Kongwa, wekeni hapo visomeo vya nuru pamoja na utaratibu wa kubadilisha unga, na pimeni kwa misimu kadhaa ni madebe mangapi yamezuiwa kufika chunguni. Na wewe msomaji mwenye mahindi kihengeni, ambaye huna budi kula kabla hawajakubaliana, chambua kwa mkono kabla ya kusaga: toa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, na ulizozitoa usimpe kuku, wala usizitumie kutengeneza pombe.